Sahani kwenye Uchanja wa Lipingo

Sahani ya bati ikiwekwa juu ya uchanja wa mianzi hutoa sauti ambayo sijaisikia kwenye chombo kingine. Kwanza inalia kidogo, kama kengele iliyofunikwa kwa kitambaa, kisha fito zilizo chini yake zinakwaruzana na kunyamaza. Niliisikia mwezi uliopita nyuma ya kibanda cha mama ntilie huko Tunduru, nilikokwenda kumtafuta mtu aliyeniahidi kazi ya kuchekecha mchanga wa madini. Mama ntilie alikuwa anasuuza vyombo vya asubuhi. Nikabaki na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, maana nilikuwa nimerudi kuwa msichana wa miaka tisa, vumbi limenifika magotini, nimesimama nyuma ya bibi yangu kwenye mstari wa mahujaji.

Niwaambie mapema kwamba mimi si mtu wa kutegemewa katika mambo ya dini. Shule niliiacha darasa la sita. Nyumbani niliondoka bila kuaga vizuri, na tangu hapo nimeuza mitumba Songea, nimepikia wapasua mbao, na nimeingia makanisa ya kila jina kwa sababu tu nilitaka kujua humo ndani wanaimbaje. Lakini hija moja niliwahi kwenda, na hiyo ninaikumbuka hatua kwa hatua.

Kwetu ni juu ya Kitura, upande ambao milima imejaa ngolo, yale mashimo ya mraba tunayochimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Ukiutazama mlima kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Jioni ukoo wetu wote ulikula pamoja uani kwa Babu. Desturi hiyo inaitwa sengu: kila nyumba inaleta ugali na mboga yake, watu wanakula, na wakishashiba ndipo mambo ya ukoo yanazungumzwa. Miaka ile chama cha ushirika kilipokuwa kinalipa kahawa vizuri, Babu aliwanunulia watoto wake sahani za bati, kila mmoja na ua lake au ndege wake, na wajukuu tulipoanza kuzaliwa akaongeza. Zilitobolewa tundu dogo ukingoni, zikaning'inizwa ukutani, kila moja na msumari wake. Yangu ilikuwa na samaki wa kijani, ingawa samaki mzima nilikuwa bado sijamwona.

Sahani moja yenye maua mekundu haikushushwa kamwe wakati wa kula. Kila Jumamosi Bibi aliifuta vumbi na kuirudisha mahali pake. Nilimwuliza ni ya nani, akasema ni ya mtu aliyesafiri. Nikauliza atarudi lini, akaniambia nikachote maji.

Ninyi sitawaficha kama nilivyofichwa mimi. Ilikuwa sahani ya Skola, dada yake baba yangu, mtoto wa mwisho wa Bibi. Nikiwa bado nanyonya, Skola alishuka ziwani na fundi wa mitumbwi, Mnyasa, Mwanglikana, wakafunga ndoa katika kanisa la mwanamume. Babu, ambaye alikuwa amejenga kigango chetu kwa matofali ya mikono yake, alisimama mbele ya sengu akatamka kwamba jina la binti huyo lisitajwe tena uani pale, na kwamba atakayesema naye au kukanyaga nyumba yake asihesabiwe kuwa wa ukoo. Wote waliitikia, na Bibi akaitikia pamoja nao. Kwetu neno lililotamkwa kwenye sengu halifutwi kirahisi, hata na aliyelitamka.

Mwaka huo wa hija ushirika ulikuwa umeishiwa nguvu. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao, kila mmoja na mzani wake na maneno yake, na Babu alikataa kuiacha kahawa yake kwenye vichanja vya kuanikia. Alimwambia Bibi aende kusali kwa niaba ya wote wawili, na aende na mimi nimbebee kifurushi. Safari ilikuwa ya kushuka mpaka Lipingo, kwenye kanisa la kando ya ziwa, kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Akina mama walikuwa wamekwenda mnadani kutafuta raba za mtumba. Bibi alipata jozi nyeupe yenye mistari ya waridi. Kila alipopiga hatua, raba ya kushoto ililia kama kifaranga.

Aliyetuongoza ni Katekista Otmari, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni. Alitupa masharti matatu: unga wote umwagwe katika gunia moja, kila mtu abebe sahani na kikombe chake, na mtu asitoke kwenye mstari bila filimbi. Mama Damasi, jirani yetu, ambaye magoti yake yalikuwa yanajulikana kijiji kizima kwa sababu alipenda kuyazungumzia, alimwambia, "Katekista, Bikira Maria alipelekwa Misri na punda. Wewe sisi umetuandalia filimbi." Otmari akapuliza filimbi, tukaondoka.

Katika kifurushi nilichobeba kulikuwa na kanga, rozari ya akiba, na sahani mbili. Nilizisikia zikigongana. Sikuuliza, nilidhani ya pili ni yangu.

Tulilala Tingi, na siku ya pili, kabla jua halijawa kali, njia ikatutoa juu ya ukingo wa milima. Mbele yetu palikuwa na bluu isiyokuwa na mwisho. Nilikuwa sijawahi kuona mahali pakubwa namna ile pasipokuwa na shamba la mtu, maana kwetu hata ukingo wa kaburi hupandwa maharage. Nikamvuta Bibi kanga nikamwuliza, "Bibi, pale kwenye bluu analima nani?" Mstari mzima ukacheka, na Otmari mwenyewe akacheka mpaka filimbi ikalia mdomoni bila yeye kutaka. Halafu akatangaza ukimya. Kuanzia ukingo ule mpaka Misa ya kesho yake mtu asinene neno, kila mmoja ashuke na nia yake moyoni. Mimi nia yangu ilikuwa kumwona samaki.

Sasa, wenyeji wa ufukweni walikuwa na desturi yao. Mahujaji wakifika, akina mama wa huko wanawapokea kwenye uwanja wa kanisa na mabeseni ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kuwaosha miguu. Hawakuangalia nani anasali wapi. Waanglikana walikuja na mabeseni yao pamoja na Wakatoliki, kwa sababu mgeni wa kijiji ni mgeni wa kijiji. Tulifika alasiri, tukakaa kwenye magogo, hakuna anayesema. Ulisikika mlio wa maji tu, ya mabeseni na ya ziwa, na hewa ilikuwa na harufu ya usipa, wale dagaa wadogo waliokuwa wameanikwa mchangani.

Mwanamke mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, alipita watu sita waliokuwa karibu naye akaja kupiga magoti mbele ya Bibi. Alimvua zile raba taratibu, kwanza ya kushoto. Aliutia mguu majini akaushika kwa mikono miwili, na hakuuosha. Aliushika tu. Nilihesabu mawimbi kumi na manne. Bibi alikuwa ametazama juu, upande wa milima tuliyotoka, na kidevu chake kilikuwa kinacheza kama cha mtu anayetafuna. Nilimwonea huruma, nikidhani maji ni ya moto. Kisha mwanamke akauosha, kisigino, unyayo, katikati ya vidole, akaufuta kwa kanga yake mwenyewe, akahamia mguu wa pili.

Halafu akaja kwangu. Alipoona kidole changu kidogo cha mguu, kilichopanda juu ya mwenzake kama abiria aliyekosa kiti, alitabasamu, machozi yakamdondoka ndani ya beseni. Nikataka kumwambia kwamba hakiumi, nimezaliwa nacho. Lakini tulikuwa katika ukimya, na nilikuwa naogopa filimbi.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na usipa, mimi na Bibi kwenye sahani yake, maana yangu kumbe ilibaki nyumbani. Ugali ulivutika kama ulimbo, na samaki walikuwa wadogo kuliko wa kwenye sahani yangu. Sikusema kitu kuhusu hilo pia.

Asubuhi, baada ya Misa, ndimi zetu zilifunguliwa na tukaanza safari ya kurudi. Njia ya kutoka kanisani ilipita katikati ya nyumba za watu. Bibi alikuwa ameomba kifurushi akibebe mwenyewe. Mbele ya nyumba moja yenye mtumbwi ambao haujamalizika uani, alitoka kwenye mstari hatua mbili, bila filimbi. Alisimama kando ya uchanja wa vyombo, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na nikaisikia ile sauti: bati, kisha mianzi. Akarudi mstarini, akaanza Salamu Maria kwa nguvu kuliko wengine.

Nilipofika pale nikaona sahani ya maua mekundu imeachwa juu ya uchanja. Mlangoni, yule mwanamke mwembamba alikuwa ametupa mgongo, ameinamia mafiga, anapuliza moto. Nikafikiri: Bibi anazeeka, ameweka sahani afunge kiatu, ameisahau. Na ni ya mtu aliyesafiri. Akirudi atakulia nini? Nikaichukua upesi, nikaificha ndani ya kanga yangu, nikawakimbilia wenzangu. Niliamua nimshangaze Bibi tukipumzika, maana nilipenda sana kusifiwa.

Tulipumzika Tingi, mlima wote ukiwa nyuma yetu. Nikaitoa. "Bibi, uliisahau. Mimi nikaiona."

Bibi alikuwa anakunywa maji. Akashusha kikombe. Aliitazama sahani, akatazama kule chini tulikotoka, akatazama raba zake, ambazo soli moja ilikuwa imeanza kufunguka. Otmari alikuwa tayari anapuliza filimbi. Nilisubiri sifa. Bibi alinishika kichwa, mkono wake ukawa mzito juu ya nywele zangu, akasema, "Basi. Ibebe vizuri, isigongwe."

Nikaibeba mpaka nyumbani nimeikumbatia kifuani.

Babu alikuwa uani anageuza kahawa. Alitupokea, akauliza habari za njia, kisha akasimama kumtazama Bibi akiingia ndani kuirudisha sahani kwenye msumari wake. Mama yangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba siku zote tulizokuwa safarini msumari ule ulikuwa wazi, na kwamba alimkuta Babu mara mbili akiugusa kwa kidole. Lakini siku hiyo niliyasikia maneno mawili tu.

"Imerudi?"

"Imerudi," Bibi akajibu.

Jioni kwenye sengu Babu alikula matonge mawili akanawa. Asubuhi hakwenda kwenye kahawa. Siku ya tatu akasema mgongo unamsumbua, na Bibi akamchemshia majani ambayo wote wawili walijua ni ya tumbo. Walikuwa wanapishana ndani ya nyumba ile kama watu waliobeba chungu kimoja kilichojaa, kila mmoja anaogopa kumwaga. Babu aliamini kwamba binti yake amepelekewa sahani akaikataa. Bibi alijua sivyo, lakini kulisema jambo hilo kulihitaji jina, na jina lilikuwa limefungwa na Babu mwenyewe, ambaye sasa hakuweza kuliuliza. Mimi katikati yao nilikuwa najisikia shujaa.

Alhamisi jumuiya ilikutana kwetu. Kigangoni kwetu, watu wakitoka hija, hawaruhusiwi kukaa na walichokipata. Kila hujaji anasimama mbele ya jumuiya na kutoa tafakari yake. Mama Damasi alisema Mungu amemfundisha kwamba magoti ni mali ya Mungu, yeye anayatunza tu, na kwamba Mwenye mali ayaangalie. Mzee mmoja alisema ameona ziwa na sasa anaelewa kwa nini mitume walizirudia nyavu zao. Bibi alisimama, akasema, "Nimeoshwa miguu," akakaa.

Otmari akaniita. Alisema watoto nao ni mahujaji, niseme kile ambacho Mungu alinionyesha. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, nikasema Mungu amenifundisha kutunza vitu vya watu. Nikaeleza yote: uchanja, mtumbwi usiomalizika, Bibi kufunga kamba na kusahau, mimi kuichukua sahani, na mwanamke asiyegeuka. Nikamalizia kwa kusema kwamba aliyesafiri akirudi ataikuta.

Hakuna aliyepiga makofi. Babu alikuwa amekaa kizingitini, nyuma ya watu, kwa sababu ya ule mgongo. Akasimama.

"Rudia hapo kwenye uchanja."

Nikarudia.

"Aliyeitoa pale ni nani?"

"Ni mimi, Babu."

"Mwenye uchanja hakukupa akasema irudishe?"

"Hakuniona, Babu. Alikuwa anapuliza moto."

Babu akavua kofia. Aliishika mbele ya uso wake, tukaona mabega yanatikisika, na hatukujua ni kilio au ni kicheko mpaka Mama Damasi alipotusaidia. "Kumbe, Mzee, wiki nzima unamnunia mtu wa watu, na mwizi analala chumba cha pili!" Hapo uwanja mzima ukacheka, wale waliojua habari yote na sisi tusiojua, na Bibi alikuwa anacheka na kujifuta machozi kwa kitenge kwa wakati mmoja.

Otmari akasimama ili afunge kwa sala. Babu akamwinulia mkono.

"Katekista, hija imefungwa?"

"Imefungwa, Mzee. Mpaka mwakani."

"Basi ifungue. Miguu yangu mimi haijaoshwa."

Nilitarajia watu wacheke tena. Hawakucheka. Otmari alitoa filimbi shingoni, akaitazama, akaitia mfukoni.

Tulishuka watatu, Babu na Bibi na mimi, baada ya kahawa kuondoka. Safari hiyo sahani aliibeba Babu, ndani ya koti, upande wa kushoto. Alitembea polepole na alisimama mara nyingi, akisingizia kwamba mimi nimechoka. Tulipofika Lipingo Skola alikuwa ameinama, anageuza usipa kwenye jua. Babu hakuita. Alikwenda moja kwa moja kwenye uchanja, akatoa sahani, akaiweka.

Skola aligeuka kabla fito hazijanyamaza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," Babu akasema. Kisha, kama mpita njia yeyote, "Maji yapo?"

Beseni likaletwa. Mume wake, yule fundi, alisimama kando ya mtumbwi, kofia mikononi, asijue aiweke wapi, mpaka Bibi akaichukua na kuivaa yeye. Nami nilichungulia ndani ya maji nikaona miguu ya Babu, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, na mchangani, nyuma ya Skola aliyepiga magoti, miguu yake, kidole hichohicho. Ndipo nikajua mtu aliyesafiri ni nani.

Lililobaki nililielewa nikiwa mkubwa. Nilikuwa tayari nimeanza kuzurura, nikapita Lipingo, nikalala kwa Shangazi Skola. Tulikuwa tunachambua usipa. Nikamwomba radhi kwa ile sahani, kwa utani tu. Hakutania. Alisema asubuhi ile aliisikia ikigusa uchanja. Aliijua sauti yake tangu utotoni, na alijua ni mkono wa nani. Alipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tayari.

Nikamwuliza kwa nini hakugeuka.

"Mama alikuwa ametoka mstarini hatua mbili," akasema. "Ningegeuka, ningemlazimisha apige ya tatu. Kule juu wangemfanya nini?" Aliposikia nyayo zimepita zote ndipo akatoka, akakuta uchanja mtupu. Wiki zile alidhani sauti ile ameitamani mpaka akaisikia. Hata hivyo, aliniambia, ilimtosha.

Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya imani, katika makanisa yale niliyowaambia, na mengine yalikuwa na vipaza sauti. Nikitaka kuielewa kwa urahisi, namkumbuka mwanamke anayepuliza moto unaowaka, ametupa mgongo, ili mama yake arudi kwenye mstari salama.

Sengu siku hizi haipo. Kila nyumba inakula kwake, kwenye plastiki. Babu na Bibi wamelala nyuma ya kigango. Lakini mdogo wangu, aliyebaki kwenye nyumba ile, aliniandikia kwamba ukutani bado kuna msumari mmoja wenye sahani, na kwamba mkewe huifuta Jumamosi. Ni ile ya samaki wa kijani. Ana mtoto wa miaka saba, anasema, mdadisi kama mimi nilivyokuwa, na juzi ameuliza ni ya nani.

Hakuniandikia walimjibu nini. Natumaini walimtuma kuchota maji.